Kiazi cha kijani kisifike kwenye karai

Swali ni fupi na jibu lake halina mzunguko. Kiazi kilichogeuka kijani kinaliwa au hakiliwi? Kama kijani ni doa dogo juu ya ganda, likate doa hilo pamoja na nyama iliyo chini yake, menya kiazi chote kwa ganda nene, kisha upike ule. Kama kijani kimetanda upande mzima, kama kimezama hadi ndani, kama kiazi kimesinyaa na kuota machipukizi marefu, au kama ukikionja baada ya kupikwa kinaacha uchungu na kuwasha koo, kitupe. Usikichemshe mara ya pili. Usikirudishe kwenye mafuta. Usimpe mtoto, wala usimpe mbuzi. Kitupe.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini sisi tunaishi Nakuru. Molo, Elburgon, Kuresoi, Njoro na Mau Narok ni mashamba yetu, na upande wa pili tumepakana na Nyandarua. Viazi havitufikii kwa meli. Vinaweza kuchimbwa asubuhi vikawa sokoni kabla ya jua kuzama. Mji uliozungukwa na viazi kiasi hiki hauna sababu ya kula kiazi kilichobadilika rangi. Kikibadilika, ujue kuna mtu aliyekiacha mwangani, na mtu mwingine aliyekiona akanyamaza.

Shuka Bondeni jioni, saa ile watu wanarudi kutoka kazini na vibanda vya chipsi vinawasha makaa. Kijana ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ndoo ya viazi kushoto, beseni la maji kulia. Kisu kinakwenda mbio. Ganda linatoka jembamba kama karatasi, maana kila unene wa ganda ni chipsi zilizopotea. Baada ya viazi kadhaa kinatokea kimoja chenye utando wa kijani chini ya ganda, kama mtu aliyepakwa rangi akanawa nusu nusu. Kijana anakitazama kidogo, anakigeuza, anakitumbukiza kwenye beseni pamoja na vingine. Muda si mrefu vyote vimekatwa, vimepita kwenye karai, vimekuwa rangi ya dhahabu, vimenyunyiziwa chumvi. Hapo hata daktari hawezi kukuonyesha kipi kilikuwa kijani.

Ndiyo maana tunasema jambo hili linaamuliwa na mwenye kisu. Anayenunua viazi vizima sokoni ana macho. Atachagua, atakataa, atabishana. Anayenunua chipsi za kufungiwa kwenye karatasi hana. Amekabidhi macho yake kwa kijana wa kwenye kreti, na kijana huyo, kwa kawaida, hajaambiwa na mtu yeyote atazame nini.

Tuanze na kosa la kwanza, ambalo ni la lugha ya macho. Muulize mama mboga: "Mama, mbona hivi vina kijani?" Atakujibu kwa upole, "Ni vichanga tu, mwanangu, vimechimbwa jana." Hadanganyi; ndivyo anavyoamini. Ndizi huanza kijani ikaishia njano, embe vilevile, nyanya vilevile. Tumezoea kusoma kijani kama ubichi, na ubichi hutibiwa kwa kusubiri au kwa moto. Kiazi hakisomwi hivyo. Kiazi si tunda na hakiivi juu ya mti. Ni shina lililovimba chini ya udongo, ghala ambalo mmea umejiwekea chakula. Kikitolewa gizani kikapigwa na mwanga, kinaanza kazi ya shina: kinatengeneza klorofili, ile rangi iliyo katika kila jani.

Klorofili yenyewe haina ubaya. Tunaila kila siku kwenye sukuma wiki. Ubaya unakuja nayo. Mwanga uleule unaoleta rangi huamsha pia sumu mbili za asili za kiazi, solanini na chakonini, ambazo mmea huzitumia kujikinga na wadudu, ukungu na wanyama. Rangi ni kengele tu, lakini ni kengele tunayoweza kuiona. Tena si kila mara kengele na moto huenda sawasawa: kiazi kilichochubuliwa kwa jembe au kilichobondwa kwenye lori huweza kuongeza sumu hizo hata kama hakijabadilika rangi sana. Sehemu zenye sumu nyingi ni ganda, macho na machipukizi. Nyama ya katikati huwa na kidogo.

Kosa la pili ni imani ya moto. Wengi husema mafuta yakichemka vizuri huua kila kitu. Mafuta huua vijidudu, na solanini si kijidudu. Joto la maji yanayochemka halitoshi kuivunja. Kuchemsha na kumwaga maji kunaweza kupunguza kiasi fulani, na kukaanga pia, lakini kupungua huko hubadilika mno; mara nyingine ni kidogo sana, na hakuna mpishi anayeweza kukipima kwa jicho. Tena kinachotoka kwenye kiazi hakipotei hewani. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula ilishauri mwaka 2018 kwamba maji yaliyochemshiwa viazi yasitumiwe tena, na mafuta ya kukaangia yabadilishwe mara kwa mara. Mwenye karai ambalo mafuta yake yamekuwa meusi tangu juzi ana sababu moja zaidi ya kuyamwaga.

Silaha ya kweli jikoni ni kisu. Kumenya huondoa kati ya robo na robo tatu ya sumu hizo, na tofauti hiyo kubwa inatokana kwa sehemu na jinsi mtu anavyomenya. Ganda jembamba kama karatasi huacha nyuma kile ulichotaka kukitoa.

Mtu wa Pwani atasema: mbona sisi tunakula muhogo mchungu? Kweli, lakini muhogo mchungu una adabu zake. Hulowekwa, huanikwa, hutwangwa, hadi sumu yake itoke. Hata huko milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kilikotoka kiazi, wenyeji walikuwa na adabu zao kwa aina chungu: walizigandisha kwa baridi ya usiku, wakazikanyaga, wakazikausha juani, au wakazila pamoja na udongo wa mfinyanzi unaonasa sumu. Kiazi kilipoletwa Kenya na walowezi wa Kiingereza, adabu hizo hazikuja nacho. Hatuzihitaji, kwa sababu aina tunazolima si chungu. Kikiwa kichungu, ni sisi tuliokifanya hivyo.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Kiazi ni ndugu wa nyanya, biringanya, pilipili na mnavu, ambao sisi tunauita managu. Watu wa Bonde la Ufa tumelelewa na managu. Uchungu kidogo haututishi. Wengine wanaona mboga isiyo na uchungu ni majani tu. Hilo ni zuri kwa managu. Kwa kiazi, uchungu ni onyo la mwisho. Ukiusikia ulimini, acha kula, hata kama sahani umeilipia.

Sasa tuweke hatari hii mahali pake, maana hatupendi kutisha watu. Kiazi cha kijani si mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa nchi yetu, aflatoksini iliwapata watu 317 na kuwaua 125. Hatusemi viazi vinafanya hivyo. Mtu aliyekula kiasi kidogo huenda asihisi lolote. Aliyezidisha hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo na kichwa, saa kadhaa baada ya kula, na wengi hupona bila matatizo. Ni kwa sababu hiyo hasa kwamba jambo hili halihesabiwi. Nani katika Bondeni, tumbo likimsokota usiku, atasema ni kiazi? Atasema ni maji, au ni nyama ya mutura, au ni baridi.

Lakini lisilohesabiwa halikosi kuwapo. Huko Lewisham, kusini-mashariki mwa London, wavulana 78 wa shule moja waliugua baada ya kula chakula cha mchana chenye viazi vilivyobaki tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba walilazwa hospitalini. Baadhi yao walichanganyikiwa, wengine wakapoteza fahamu kwa muda. Wote walipona, na madaktari wakaandika kisa hicho katika jarida lao mwaka 1979. Angalia chanzo: si viazi vya ajabu, ni gunia lililosahaulika stoo. Kila shule ya bweni katika kaunti hii ina stoo, na kila stoo ina gunia la chini kabisa.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 1967 wataalamu walitoa aina mpya ya kiazi iliyoitwa Lenape, nzuri ajabu kwa krispi. Kufikia mwaka 1970 ilikuwa imeondolewa sokoni. Watu walioionja walipata kichefuchefu, na vipimo vikaonyesha solanini kupita kiasi. Hakuna aliyesubiri mtu afe. Waliona, wakapima, wakaitoa.

Hesabu nayo haina ugumu. Mpaka unaotumiwa na wengi duniani ni miligramu 200 za sumu hizi katika kilo moja ya viazi vibichi. Kiazi kizuri mara nyingi huwa chini ya 100. Mwaka 2020 mamlaka ya Ulaya inayosimamia usalama wa chakula ilitaja miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa kiasi cha chini kabisa ambapo madhara yameonekana. Mtu mzima wa kilo 60, basi, atafika hapo kwa miligramu 60, yaani gramu 300 za viazi vilivyo kwenye mpaka, sahani iliyojaa vizuri. Mtoto wa kilo 15 atafika hapo kwa miligramu 15, na hizo zimo katika gramu 75. Hicho ni kiazi kimoja kidogo. Ndiyo maana tunapowaambia wazazi jambo hili hatuwasemei wao. Tunasemea mtoto anayepewa viazi vilivyopondwa na ambaye, akikataa na kulia, huambiwa ale asideke. Mtoto anayekikataa kiazi huenda ameonja kitu ambacho wewe hujaonja. Kionje kwanza ndipo umgombeze.

Tumesema kuna mtu aliyekiacha kiazi mwangani. Tumtafute.

Safari inaanza shambani. Mkulima asipopandisha udongo vizuri kwenye mashina wakati wa kupalilia, viazi vya juu hutokeza kichwa, na jua huvikuta hapo hapo. Vitachimbwa vikiwa tayari na bega la kijani. Kupandisha udongo ni kazi ya mgongo, lakini ndiyo dawa ya kwanza na haiuzwi dukani. Baada ya kuchimba, rundo lisilale wazi shambani likisubiri lori la kesho. Majani makavu juu yake au turubai chakavu hutosha.

Kuna jambo hapa ambalo mkulima analijua na mnunuzi halijui. Kiazi cha mbegu hufanywa kijani makusudi. Hutandazwa kwenye ghala lenye mwanga hafifu ili machipukizi yatoke mafupi, manene na yenye nguvu. Kwa mbegu huo ni utaalamu. Tatizo huja mbegu zinapobaki baada ya kupanda, na mkulima akaona uchungu kuzitupa, akazichanganya na viazi vya kuuza. Kiazi kilichoandaliwa kwa ajili ya udongo hakina kazi sufuriani. Na kinyume chake pia: wewe uliyenunua viazi sokoni vikachipua, usikimbilie kuvipanda nyuma ya nyumba ukidhani umeokoa kitu. Mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, na ukishaingia shambani hautoki kwa urahisi.

Halafu kuna aina ya kiazi iitwayo Shangi. Tunaipenda sote. Mkulima anaipenda kwa kuwa inakomaa mapema na inazaa sana, mpishi kwa kuwa inaiva upesi na inafaa kwa chipsi, kwa mukimo na kwa mchuzi. Iliidhinishwa rasmi mwaka 2015, na wakati huo mashamba yalikuwa yameshaiidhinisha zamani. Ila Shangi haina usingizi. Ndani ya wiki chache baada ya kuchimbwa macho yake yanafumbuka. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na Shangi. Anayenunua gunia zima kwa sababu bei imeshuka, naye hana mahali pa giza pa kuliweka, ananunua machipukizi.

Kutoka shambani tunafika kwenye gunia. Kanuni za Viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, zinataka viazi vifungwe kwa gunia lisilozidi kilo 50. Tumezoea kuzitetea kanuni hizo kwa ajili ya mkulima, anayepunjwa anapojaza gunia hadi likavimba na kulipwa bei ya gunia moja. Utetezi huo ni wa haki. Sisi tunaongeza wa pili, kwa ajili ya mlaji. Gunia la kupita kiasi halifungiki. Juu yake hushonwa wavu au kamba za kuvuka, na viazi vya kilele huchungulia nje kama abiria waliokaa juu ya basi. Vinapigwa na jua kutoka Kuresoi hadi mjini, vinashushwa, vinakaa hivyo hivyo. Gunia la kilo 50 lililoshonwa mdomo humlinda mkulima kwenye mizani na humlinda mlaji tumboni. Dalali anayelipinga anawapinga wote wawili.

Kisha soko. Tembelea Wakulima au soko lolote la mitaani mchana wa jua. Viazi vimepangwa kwa mafungu juu ya gunia lililotandikwa, vimeoshwa ving'ae, maana mteja anapenda kuona. Udongo ulioganda juu ya kiazi ulikuwa mwavuli wake. Ukishauosha, mwanga unaingia moja kwa moja. Fungu la asubuhi likibaki hadi jioni, na la leo likibaki hadi kesho kutwa, rangi inaanza kupanda. Supamaketi nazo zisijisifu: taa inayowaka mchana na usiku juu ya rafu hufanya kazi ileile ya jua, polepole zaidi.

Fungu likishaanza kuwa kijani, bei hushuka, na bei ikishuka kiazi hutafuta mteja wake. Mteja huyo ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye kibanda anayetaka faida. Wa pili ni mama mwenye watoto wanne na noti moja mkononi. Hapo ndipo tunapopata hoja ya wale watakaotusuta. Watasema: nyinyi mnaandika mkiwa mmeshiba; mwambieni maskini atupe chakula, muone.

Tunaikubali nusu ya hoja hiyo. Kumwambia mtu atupe nusu ya fungu si jambo dogo, na ndiyo sababu hatukuanza kwa kusema kila kiazi chenye doa kitupwe. Doa hukatwa. Lakini nusu ya pili hatuikubali. Kiazi ni chakula cha pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Haiwezekani chakula kikuu cha nchi kiwe na daraja la wenye macho na daraja la wasio na uwezo wa kuchagua. Maskini hasaidiwi kwa kuuziwa rahisi kile ambacho mwingine amekikataa kwa sababu ya sumu. Anasaidiwa kiazi kikifunikwa kabla hakijaharibika, na kufunika hakuhitaji mtaji. Gunia tupu ni kifuniko. Anayeuza aweke viazi vichache juu kwa ajili ya macho ya mteja, vingine vikae chini ya gunia, na vile vya juu vizungushwe.

Sasa zamu ya serikali ya kaunti, na hapa hatutaki kusikia kwamba jambo hili ni la Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kilimo, limeipa masoko, na limeipa udhibiti wa wanaouza chakula kwa umma. Shamba, soko na karai, vyote vitatu viko mkononi mwake. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji haliwi jiji kwa cheti. Linakuwa jiji mwuzaji wa viazi anapopata paa juu ya kichwa chake.

Tunataka mambo matatu. La kwanza ni kivuli. Anayelipa ushuru wa soko kila siku ana haki ya kudai paa, na viazi chini ya paa hudumu kuliko viazi juani. La pili, kanuni ya kilo 50 isimamiwe hapa, kwenye barabara zinazoshuka kutoka Molo na Kuresoi, bila kungoja msako wa siku moja wenye kamera. La tatu, maafisa wa afya ya umma wanaopita vibandani kukagua vyeti vya afya vya wapishi waangalie pia ndani ya beseni. Cheti husema mpishi ni mzima. Beseni ndilo litakalosema kama chakula ni kizima. Mafunzo yenyewe hayahitaji semina hotelini. Dakika tano, kiazi kimoja kizuri, kimoja cha kijani, na kisu.

Tukumbushane jambo moja la heshima yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 migahawa ya KFC nchini iliishiwa na chipsi, ikajulikana kwamba viazi vyake vilikuwa vikitoka ng'ambo. Wakenya walikasirika, nasi tuliikubali hasira hiyo: vipi nchi yenye Molo na Nyandarua iletewe viazi kwa meli? Lakini hasira ina deni. Tukitaka kila mwenye karai, mkubwa kwa mdogo, anunue kiazi chetu, basi kiazi chetu kifike kikiwa kimefunikwa, hakijabondwa, hakijageuka rangi. Mkulima wa Mau Narok hawezi kulilipa deni hilo peke yake wakati viazi vyake vinaanikwa njiani.

Nyumbani, mambo ni machache. Nunua vya wiki moja. Viweke gizani, pakavu, penye hewa: ndani ya katoni au gunia chini ya meza, si dirishani, si juu ya kabati chini ya balbu. Usivifunge kwenye plastiki. Vitatoa jasho na kuoza. Usivioshe hadi siku ya kupika. Kiazi kilichoanza kuwa kijani ukikirudisha gizani rangi huenda ikafifia, lakini sumu haitoki, kwa hiyo usijidanganye kwa kukificha. Machipukizi yakiwa madogo na kiazi bado ni kigumu, yang'oe na jicho lake, menya nene, pika. Maganda ya kijani usiwarundikie mbuzi, ng'ombe wala nguruwe. Nao wana matumbo. Na mtu akitapika mfululizo, mtoto akilegea au akianza kuchanganyikiwa baada ya kula, msingoje asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya, na mseme alikula nini.

Turudi kwa kijana wa kwenye kreti. Yeye si mkosaji wa kwanza katika habari hii. Kabla yake kuna shamba lisilopandishwa udongo, gunia lisilofungika, soko lisilo na paa. Lakini yeye ndiye wa mwisho mwenye uwezo wa kuona. Kama analipwa kwa ndoo, atamenya mbio na atamenya jembamba. Kama akikemewa kwa kila kiazi anachokiweka kando, hataweka hata kimoja. Kwa hiyo neno letu la mwisho ni kwa mwajiri wake. Kesho, kabla ya kuwasha makaa, mpe ndoo ya pili, tupu, umwambie: cha kijani tia humu, na sitakukata hata shilingi. Jioni itazame ndoo hiyo. Kilichomo ndicho ulichokuwa ukiwauzia majirani zako.